Kumsema Jirani Sokoni

Mtu aliyefundisha kwa miaka mingi hupata ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kusikia mtu akijifunza kitu chumba cha pili asitege sikio. Ndivyo nilivyoingia katika habari hii ya akili mnemba, mimi mzee wa zaidi ya miaka sabini, niliyejifunza ualimu kwa chaki na ubao, na kustaafu ukuu wa shule kabla sijawahi kugusa kompyuta.

Ilikuwa jioni, nyumbani kwangu hapa Tabora. Nilikuwa barazani nikisikiliza redio kwa sauti ya chini. Ndani mjukuu wangu wa kike alikuwa na vijana wake watatu. Kazi yao ni kuuza asali. Huinunua kwa warina asali wa vijiji vya upande wa Sikonge, huichuja, huitia katika chupa na ndoo, kisha huipeleka madukani Kahama, Shinyanga na Mwanza. Mara nikasikia sauti ya mwanamume mkali nisiyemjua: "Asali yenu ghali. Jirani yenu ananiletea kwa bei ya chini, tena ananikopesha. Niambieni, kwa nini ninunue kwenu?" Kijana mmoja akajibu kwa kubabaika. Yule mtu akamkatiza: "Hujanijibu. Nimeuliza kuhusu bei, wewe unanieleza habari za nyuki."

Nikainuka kwenda kumkaribisha mgeni. Sikumkuta. Mezani palikuwa na simu tu, imeegemezwa kwenye chupa ya asali.

"Shikamoo babu," wakasema wote kwa pamoja, kama watoto waliokutwa wakila sukari. Mjukuu wangu akanieleza kwamba wamemwomba huyo mtu wa simuni, yaani programu ya akili mnemba, ajifanye mwenye duka wa Mwanza, mgumu, anayependa kulinganisha. Vijana wajibizane naye hapa nyumbani, wakosee hapa nyumbani, ili wakifika dukani wasikosee.

Sitaki kumdanganya msomaji: nilipendezwa. Nilikumbuka chuo cha ualimu miaka ya sabini. Kabla hatujapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, tulifundishana sisi kwa sisi. Mmoja alisimama mbele na andalio la somo lake, wengine tukakaa kwenye madawati tukajifanya watoto wa darasa la tatu. Mkufunzi wetu alikuwa na kanuni moja. Alikataza kuwa mwanafunzi mwepesi. Alitaka tuulize maswali ya kijinga, tusinzie, tuseme "mwalimu sijaelewa" hata pale tulipoelewa. Alisema huruma ya leo ni aibu ya kesho. Basi nilipomsikia yule mnunuzi wa simuni akiwabana vijana, nilijiambia kwamba mkufunzi wangu amefufuka, tena amepata sauti ya kukodi.

Jambo wanalolifanya vijana wale si geni duniani. Katika makampuni makubwa ya Marekani na Ulaya kuna desturi ya siku nyingi ya kumwandalia muuzaji kadi fupi: mteja akimtaja mshindani fulani, wewe jibu hivi. Tangu programu iitwayo ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote Novemba 2022, kazi ya kuandika kadi hizo na kuigiza mnunuzi imeanza kukabidhiwa mashine. Hata kwetu haja ipo. Tangu Machi 2017, mtu aliporuhusiwa kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba, yeyote aliyekaa karibu na miavuli ya mawakala stendi amesikia jinsi kila mmoja anavyousema mtandao wa mwenzake. Wengine husema yaliyopo, wengine husema yanayowajia mdomoni.

Jioni ile niliona faida kwa macho yangu. Mnunuzi wa simuni alisema jirani anauza kwa bei ndogo kuliko wao, na vijana wote watatu wakakubali kwamba ndivyo. Mashine ikauliza: bei hiyo ni ya lita au ya kilo? Kimya. Kumbe jirani aliuza kwa lita na wao kwa kilo. Sasa asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4. Wewe ukitaka shilingi 10,000 kwa kilo, na mwenzako akataka shilingi 14,000 kwa lita, bei zenu ni sawa. Nilileta mizani ya jikoni tukapima, kwa sababu mimi huamini hesabu iliyopita kwenye mizani. Ikawa kweli. Vijana walikuwa wameuza mwaka mzima bila kujua kama wao ni ghali au rahisi kuliko jirani.

Nikaenda kulala nikiwa nimeridhika. Laiti ningekaa nusu saa zaidi.

Wiki tatu baadaye alikuja mtu mlangoni, mwanamume wa miaka kama arobaini na mitano, amevaa shati la kazi. "Shikamoo mwalimu," akasema, akainama kidogo kama alivyokuwa akifanya zamani. Nilimfundisha darasa la tano na la sita. Alikuwa mtoto mtulivu, hodari wa hesabu, aliyekuja shuleni na harufu ya moshi nguoni kwa sababu baba yake alikuwa mrina asali naye humfuata porini. Leo na yeye anauza asali. Yeye ndiye yule jirani.

Nilimpa kiti, akakataa kwanza, akakaa. Tukaulizana hali za nyumbani. Kisha akasema: "Mwalimu, sikuja kushitaki. Nimekuja kuuliza. Ni kweli mimi nachanganya asali na sukari?"

Habari ilikuwa hivi. Kijana mmoja wa mjukuu wangu aliingia duka moja la Kahama. Mwenye duka akamtaja jirani. Kijana akajibu bila kubabaika hata kidogo, maana alikuwa amekariri, kwamba asali ya yule mtu ilipimwa maabara ikakutwa na sukari, na kwamba cheti chake kimefutwa. Mwenye duka aliogopa, na mimi simlaumu. Nani anataka bidhaa ya namna hiyo rafuni mwake? Akazikataa ndoo kumi na mbili alizokuwa ameagiza. Ndoo zile zilikuwa tayari njiani. Warina asali waliozileta kwa mkopo walikuwa wanangoja fedha yao kijijini, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa.

"Vipimo ninavyo," akasema, akatoa karatasi. "Cheti ninacho. Nimeuliza huyo kijana alizipata wapi habari hizi. Akaniambia zimeandikwa kwenye kadi."

Nilimwita mjukuu wangu. Kadi ikaletwa. Ilikuwa imepangwa vizuri, kwa Kiswahili safi, nukta moja hadi tano, kila nukta na kichwa chake. Chini ya ile ya tatu yalikuwapo maneno yale yale. Tuliulizana nani aliyaandika. Hakuna. Kijana mmoja alikuwa ameiambia mashine itaje kasoro tano za asali ya mtu fulani wa Tabora, na mashine ikataja tano. Haikupungukiwa hata moja.

Mjukuu wangu alisoma, akakaa chini. "Ilikuwa imeandikwa vizuri mno, babu," akasema. "Sikufikiri kitu kilichoandikwa hivi kinaweza kuwa hakipo."

Ndugu msomaji, nimesahihisha insha kwa muda mrefu. Namjua mwanafunzi huyu. Ukimwagiza aeleze sababu tano, naye anazijua mbili, hatakuandikia mbili. Ataandika tano, na zile tatu za kubuni zitakuwa na mwandiko mzuri kuliko mbili za kweli. Nilivyoelezwa na wanaoelewa, mashine hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi kupita kiasi, na kazi yao ya msingi ni kukisia neno linalofaa kufuata neno lililotangulia. Pale ambapo dunia imeandika mengi, makisio yake huangukia kwenye kweli mara nyingi. Lakini ni nani aliyeandika habari za ndoo za asali za mtu mmoja wa Tabora? Hakuna. Mashine ikafika penye shimo, nayo ikalifunika kwa majani mazuri, vijana wakapita juu yake.

Nilipata faraja ndogo kujua kwamba wakubwa pia wametumbukia. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa sababu walipeleka mahakamani hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. ChatGPT ilikuwa imezibuni, wao wakazibeba. Watu wasomi, wenye majoho. Lakini kosa la mwenye joho halilipi karo ya mtoto wa mrina asali.

Jioni hiyo hiyo mjukuu wangu aliiuliza tena ile mashine: uliyapata wapi maneno haya? Ikajibu upesi, kwa adabu kamili, kwamba inaomba radhi, na kwamba haina ushahidi wa jambo hilo. Radhi ile ilitoka kwa urahisi kama lilivyotoka kosa. Tatizo ni kwamba radhi ilibaki mezani kwangu, na kosa lilikuwa limekwisha kufika Kahama.

Kesho yake nilimwambia mjukuu wangu tutembee. Tulipanda bajaji hadi Kwihara, tukashuka kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho ya Livingstone. Hapo alikaa mwaka 1872, akingoja wapagazi, hadi Agosti alipoondoka kwa safari yake ya mwisho. Watu huja kulitazama kwa ajili yake. Mimi huja kwa ajili ya njia. Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji ziwani, na waliobeba mizigo mabegani walikuwa zaidi babu zetu Wanyamwezi. Walikuwa wachukuzi, lakini pia walikuwa wafanyabiashara na watu wenye habari.

Tulikaa kivulini nikamweleza habari ya shanga. Stanley alipofika Unguja Januari 1871 kujiandaa kwa safari ya kumtafuta Livingstone, hakujua achukue shanga za aina gani. Ilimpasa kuwauliza wafanyabiashara Waarabu waliokwisha kwenda bara, na jibu halikuwa jepesi, kwa sababu kila nchi ilikuwa na shanga yake. Nyeusi zilipita Ugogo, kwingine zikakataliwa. Nyekundu, zile samesame, ndizo zilizotakiwa hapa Unyamwezi. Zile kubwa mfano wa yai zilikuwa fedha huko Ujiji, lakini mbali na huko hazikuwa na thamani. Burton naye, aliyefika Kaze, yaani hapa hapa Tabora, Novemba 1857, aliorodhesha shanga, akaandika kwamba nyekundu ilikuwa na majina ya utani yenye maana ya kumaliza chakula na kuvunja mji, jinsi watu walivyoipenda.

"Sasa fikiri," nikamwambia, "Stanley angemuuliza mtu mwenye maneno matamu aliyekaa barazani Unguja maisha yake yote, aliyesikia habari za kila msafara lakini hajavuka hata kwenda Bagamoyo. Naye huyo akaona aibu kusema sijui. Angemjibu vizuri sana. Na wapagazi wangebeba mizigo ya frasila mbili mbili, miezi mitatu, kuja kufunguliwa hapa na kukataliwa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Babu, mashine ni huyo wa barazani."

"Na wewe ndiwe kirangozi," nikamjibu. "Kirangozi hutangulia mbele. Msafara ukipotea, hakuna anayemuuliza wa barazani."

Alinyamaza tena, kisha akaniuliza swali nililokuwa nikiliogopa. Aliuliza kama haitoshi kuwaambia vijana waache kusema maneno yale, na kumwandikia yule mtu ujumbe wa simu. Je, ni lazima aende mwenyewe Kahama, aingie duka lile, aseme mbele ya watu kwamba alieneza uongo? Angepoteza duka lile, na pengine mengine mawili. Alikuwa na mkopo wa kulipa.

Hapo ndipo nilipomwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata bibi yake.

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na jirani yetu, umbali wa kilomita chache, palikuwa na shule nyingine. Mwaka ule wao walitoa watoto wengi wa kwenda kidato cha kwanza, sisi tukatoa wachache. Wazazi wakaanza kuuliza. Katika mkutano wa wazazi mmoja wao alisimama akasema wazi: "Mwalimu, kwa nini watoto wetu wasihamie kule?" Nilikuwa kijana bado, mwenye kujiona. Kabla ya mkutano ule nilikuwa nimesikia kilabuni mtu akisema kwamba kule watoto huonyeshwa maswali. Sikujua kama ni kweli. Sikuuliza. Nilisema, kwa sauti ya mtu anayejua: "Mimi sitaki ushindi wa namna ile. Sisi hatuwaonyeshi watoto maswali."

Angalia, msomaji, nilivyolipanga neno lile. Sikumtaja mtu. Sikusema kwamba wao wanaonyesha. Wazazi wakaelewa wenyewe, wakaondoka nalo. Baada ya mwezi mmoja lilikuwa limefika kwa wakubwa wa elimu. Yule mwalimu mkuu mwenzangu akahojiwa. Hakuonekana na kosa lolote. Lakini akahamishwa kwenda kijiji cha mbali, kwa maslahi ya kazi, kama ilivyokuwa ikisemwa. Alikuwa ni mtu niliyesoma naye chuo. Katika yale mazoezi ya kufundishana alikuwa akikaa dawati la mbele na kuniuliza maswali magumu. Alifariki mwaka 2003. Sikumwendea.

"Mimi sikuwa na mashine," nikamwambia mjukuu wangu. "Kwa hiyo usiitwike mashine mzigo wote. Ilichofanya ni kukurahisishia kitu ambacho mioyo yetu hukitaka tangu zamani, yaani kuambiwa mabaya ya mshindani wetu. Mtu akituambia mazuri yake, tunamdai ushahidi. Akituambia mabaya yake, tunamshukuru."

Tulikwenda Kahama siku ya Alhamisi, kwa basi, mimi, yeye, na yule kijana. Jirani yetu alikuwa ametangulia. Mjukuu wangu alisimama mbele ya kaunta, na wateja wawili wakiwapo, akasema: "Maneno aliyoyasema kijana wangu kuhusu asali ya ndugu huyu ni ya uongo. Hayakutoka kwa mtu yeyote anayejua. Tuliyaandika bila kuhakikisha. Karatasi za vipimo vyake hizi hapa." Sauti ilimtetemeka mwanzoni, mwishoni ikakaa sawa. Mwenye duka akasoma karatasi, akawatazama wote wawili, akasema atachukua ndoo za jirani. Za kwetu hakuchukua. Hata leo hajachukua.

Tulipotoka, jirani yetu alimpa mjukuu wangu mkono. Akamwambia, "Ungeniuliza, ningekuonyesha kasoro zangu mwenyewe. Ninazo." Akacheka. Nilifurahi kusikia kicheko kile.

Baada ya hapo nilijipa kazi ambayo hakuna aliyenipa. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba kama wanataka kuendelea na mazoezi yao na mnunuzi wa simuni, waendelee. Mazoezi ni mazuri. Lakini kadi nitaisimamia mimi. Nikachukua daftari la mistari, nikapiga mistari miwili ya kusimama, nikapata safu tatu. Ya kwanza: tuliyoyaona. Ya pili: tuliyoyasikia. Ya tatu: tusiyoyajua. Kila jambo kuhusu mshindani lazima liingie safu moja, pamoja na jina la aliyeliona na tarehe. Linaloruhusiwa kufika kwa mteja ni la safu ya kwanza tu. La safu ya pili litafutwe mpaka lihame au lifutwe. Na safu ya tatu isiachwe tupu, kwa maana mtu asiye na asiyoyajua ni wa kuogopwa.

Vijana walishangaa jinsi safu ya kwanza ilivyokuwa fupi. Jirani anauza kwa lita: tumeona. Anakopesha siku thelathini: mwenye duka alituonyesha karatasi. Asali yake imeganda chupani: tumeona. Hapo kijana mmoja akaruka, "Si ndiyo dalili ya sukari?" Nikamwambia hapana, asali halisi nayo huganda, kwa ajili ya sukari ya asili iliyomo, ile iitwayo glukosi, na baridi huharakisha. Hata yetu iligandia Mbeya. Kwa hiyo kuganda si kasoro yake wala sifa yetu. Ukitaka kujua mengi zaidi, peleka maabara: huko hupima sukari, na hupima maji, ambayo kwa kawaida ya kimataifa hayapaswi kuzidi asilimia 20. Kijiti cha kibiriti na glasi ya maji ni michezo ya watoto.

Kisha tukairudia mashine kwa namna nyingine. Hatukuiuliza tena jirani ana kasoro gani. Tuliipa safu yetu ya kwanza, tukaiambia itumie hayo tu, itubane kama mnunuzi. Na majina ya wateja na madeni yao tulikataza yasiandikwe humo kabisa; si adabu, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Vilevile Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kupotosha watu katika biashara, na sikuona mahali inapomsamehe aliyepotoshwa na simu yake.

Jioni hiyo nilikaa barazani nikasikiliza tena. Mnunuzi: "Jirani yenu ananikopesha." Kijana, yule yule wa Kahama, akajibu taratibu: "Ni kweli, anakopesha, na asali yake ni nzuri. Kama shida yako ni mkopo, yeye atakufaa zaidi. Sisi hatukopeshi kwa sababu tunamlipa mrina asali siku ile ile. Ila kwetu utapata chupa ndogo za robo kilo, ambazo yeye hana, na wanafunzi wa chuo hapo nyuma yako hununua hizo." Mashine ikasita kidogo, kama mkufunzi wangu alivyokuwa akisita kabla ya kuweka alama, ikasema: "Hapo umenijibu."

Kuna jambo moja katika desturi zetu ambalo nadhani linafaa hapa. Wanyamwezi tuna utani na makabila mengi ya njia ile ya zamani hadi pwani, na wengi huuhusisha na safari za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukusema vibaya kuliko adui. Atasema wewe mchoyo, mlafi, hujui kuoga. Lakini anakusema ukiwapo, naye anajua utamjibu. Ukiondoka, mtani hukutetea. Nimewaambia vijana watumie kipimo hicho. Neno lolote kuhusu mshindani ambalo huwezi kulisema akiwa amesimama kando yako mbele ya kaunta, usilikariri.

Imebaki habari moja, nami nitaimaliza kwa kifupi kwa sababu hainipi raha. Mwezi uliofuata nilisafiri kwenda kijiji alikohamishiwa mwenzangu. Mjane wake bado anaishi pale, katika nyumba waliyoijenga. "Karibu shemeji," akasema, ingawa tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimweleza yote, mkutano wa wazazi, kilabu, neno nililolipanga. Aliendelea kuchambua maharage mpaka nikamaliza.

"Alijua ni wewe," akasema. "Alikuwa akisema, yule ipo siku atakuja, maana si mtu mbaya." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilikula. Kisha nilimwomba anionyeshe kaburi, tukaenda, na njiani alinieleza shule aliyoikuta mumewe pale ikiwa na madarasa mawili, akaiacha ikiwa na saba. Nilihesabu madirisha kutoka barabarani. Niliporudi nyumbani nilifungua lile daftari la mistari, nikaandika katika safu ya kwanza.